UZI: Klasta ya swichi zilizoungwa bila mchoro inakwama kazi ikiwa nzito. Tatizo ni waya au ni njia za pakiti?

#1 mwana_tudor

Hamjambo wenzangu. Natafuta watu wanaoijua InfiniBand, mtandao wa kasi wa kuunganisha kompyuta za klasta. Klasta iko hapa Mombasa kisiwani: noudi (kompyuta) 44, swichi 6 za mitumba za kizazi cha QDR, poti 36 kila moja. Swichi hazikuja pamoja, kwa hiyo zimeungwa kulingana na kebo zilizopatikana na urefu wake. Nimezipa herufi, na linki kati yake ni hizi:

A–B, A–C, B–D, C–D, C–E, D–F, E–F

Seva ya diski iko kwenye swichi E. OpenSM, programu inayopanga njia za mtandao, inaendeshwa na mipangilio yake ya mwanzo, yaani minhop: njia yenye miruko michache zaidi, mruko ukiwa linki moja kati ya swichi. Kazi ndogo zinapita vizuri. Kazi ya MPI (programu moja iliyogawanywa kwa noudi nyingi zinazotumiana ujumbe) ambayo kila noudi inabadilishana data na zote nyingine inasimama, inatambaa, inasimama tena, halafu inakufa kwa kosa la status 12. Kebo zimebadilishwa, SymbolErrorCounter, kihesabio cha makosa ya waya, ni sifuri kila mahali. Nimeshauriwa ninunue swichi moja kubwa, na pesa hiyo haipo. Nianzie wapi?

#2 maalim_waya

Anza kwa kuziacha kebo zilivyo. Mchoro wako wenyewe unatosha kumtia mtu wasiwasi.

InfiniBand haitupi pakiti kwa sababu ya kukosa nafasi. Swichi haipeleki pakiti mpaka upande wa pili uwe umetoa ahadi ya nafasi kwenye bafa (kumbukumbu ya muda ya poti), na ahadi hiyo huhesabiwa kwa krediti za baiti 64. Krediti zikiisha, pakiti inangoja pale pale ilipo. Inapongoja, imekalia bafa inayongojewa na pakiti ya nyuma yake. Chukua mikokoteni minne kwenye vichochoro vinne vinavyozunguka nyumba moja Mji wa Kale: kila mmoja umejaza kichochoro chake, kila mmoja unataka kukunja kona kuingia kichochoro kinachofuata, na hakuna anayerudi nyuma. Hakuna aliyekosea njia, na hakuna atakayetoka.

Sasa tazama pete yako ya A, B, D, C. Minhop inaweza kupanga hivi:

A kwenda D kupitia B
B kwenda C kupitia D
D kwenda A kupitia C
C kwenda B kupitia A

Kila njia ina miruko miwili na hakuna iliyo fupi zaidi. Lakini ya kwanza inakalia A→B ikitaka B→D. Ya pili inakalia B→D ikitaka D→C. Ya tatu inakalia D→C ikitaka C→A. Ya nne inakalia C→A ikitaka A→B. Duara limefunga. (Nikisema inakalia A→B nina maana ya bafa iliyoko B kwenye poti inayopokea kutoka A. Ndiyo inayojaa, si waya.)

Kanuni ilishaandikwa na Dally na Seitz mwaka 1987: chora grafu ambayo kila nukta yake ni chaneli, yaani linki kwa upande mmoja wa mwendo. Chora mshale kutoka chaneli moja kwenda nyingine kama kuna njia inayotumia ya kwanza kisha ya pili. Grafu hiyo isipokuwa na duara, mkwamo hauwezekani. Minhop haiitazami grafu hiyo kabisa, inahesabu miruko tu. Kwenye mti uliopangwa vizuri unaokolewa na umbo la mtandao. Kwenye umbo kama lako hakuna kinachokuokoa.

Kazi ndogo zinapita kwa sababu bafa zote nne lazima zijae kwa wakati mmoja. Wote-kwa-wote ndiyo kazi inayozijaza.

#3 kijana_magongo

Mbona Ethernet ya kawaida swichi zikiungwa kwa duara haikwami hivi?

#4 maalim_waya

Kwa sababu bafa ikijaa inatupa pakiti, na TCP inatuma upya. Halafu itifaki ya mti wa 802.1D inazima linki za ziada mpaka duara lisiwepo. Kwenye mchoro wa mwana_tudor ingezima 2 kati ya 7. Tunachotafuta hapa ni kutumia linki zote 7 bila kukwama.

#5 bi_nyali

Maalim kasema kweli, ila kabla ya kumpa mtu dawa tumpime kwanza. Mkwamo wa krediti na msongamano wa kawaida vinafanana ukivitazama kwa mbali, na dawa zake ni mbali kabisa.

Kwanza, kwa nini kazi "inasimama, inatambaa" badala ya kusimama moja kwa moja? Swichi za InfiniBand zina kikomo cha muda ambao pakiti inaruhusiwa kukaa kwenye kichwa cha foleni. Kwenye opensm.conf kinaitwa head_of_queue_lifetime, na thamani ya kawaida ni 0x12. Hesabu yake ni mikrosekunde 4.096 mara 2 kwa kipeo cha 18, yaani kama sekunde 1.07. Kwa poti zinazotazama noudi, leaf_head_of_queue_lifetime ni 0x10, kama milisekunde 268. Muda ukipita pakiti inatupwa, nafasi inapatikana, duara linasogea hatua moja kisha linafunga tena. Noudi iliyotuma haijui lolote, inangoja jibu. Kwenye Open MPI ya zamani yenye openib (moduli yake ya InfiniBand), btl_openib_ib_timeout ya 20 ni sekunde 4.3 hivi, na majaribio ni 7. Yakiisha ndipo unapoona status 12. Dalili zako zote ziko humo.

Kazi ikiwa imesimama, soma poti zinazounganisha swichi kwa swichi, mara mbili, sekunde chache kati ya usomaji mmoja na mwingine:

perfquery -x LID POTI
perfquery LID POTI

LID ni anwani ya kifaa kwenye mtandao. Tazama vihesabio vitatu. PortXmitData inahesabu kwa vipande vya baiti 4. PortXmitWait inapanda kila poti inapokuwa na data ya kutuma lakini haiwezi kuituma, hasa kwa kukosa krediti. PortXmitDiscards ni pakiti zilizotupwa, zikiwemo zile zilizopitisha muda kwenye kichwa cha foleni. Hiki cha mwisho ni cha biti 16 na XmitWait ni cha biti 32. Vikifika mwisho vinabaki hapo hapo, kwa hiyo futa kwa perfquery -R kabla ya kuanza, la sivyo utakuwa unasoma namba ya mwezi uliopita.

Halafu fuata mnyororo. Poti inayongoja, inaingojea swichi gani? Kwenye swichi hiyo, poti ipi ya kutoka nayo inangoja? Endelea hivyo. Ukiwa ni msongamano, mnyororo utaishia kwenye poti moja inayotuma kwa kasi yake yote, au kwenye noudi inayosoma polepole, na kwako mshukiwa wa kwanza ni seva ya diski. Ukiwa ni mkwamo, utarudi pale ulipoanzia, na poti zote ulizopita XmitWait inapanda huku XmitData karibu imelala.

#6 mwana_tudor

Shukran bi_nyali. Nimefuata mnyororo. B inangoja D, D inangoja C, C inangoja A, A inangoja B. XmitDiscards inapanda kwenye zote nne. Poti ya seva ya diski haina shida.

#7 bi_nyali

Basi ni pete ile ile aliyoitaja maalim. Kipimo kimeisha.

#8 maalim_waya

Dawa ya kwanza ni ya zamani na bado ni nzuri: kanuni ya juu-kisha-chini, iliyotoka kwenye mradi wa Autonet wa maabara ya DEC, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Autonet nao ulikuwa mtandao wa swichi zilizoungwa vyovyote vile, zenye poti 12.

Chagua swichi moja iwe mzizi. Hesabu kila swichi iko miruko mingapi kutoka hapo. Kila linki sasa ina upande wa juu, ule ulio karibu zaidi na mzizi. Pande zote mbili zikiwa ngazi moja, kitambulisho ndicho kinachoamua. Sharti ni moja: pakiti inaweza kupanda mara yoyote, kisha ikashuka mara yoyote, lakini ikishaanza kushuka hairuhusiwi kupanda tena. Duara lolote lina mahali ambapo lazima ushuke kisha upande. Kona hiyo ukiifunga, duara limekatika. Na kila swichi bado inafikika kutoka kwa kila nyingine, kwa sababu unaweza kupanda mpaka mzizi ukashuka.

Kwenye mtandao wako swichi zina kona 20 kwa jumla, ukihesabu kila jozi ya linki kwa kila upande wa mwendo. Mzizi ukiwa C, ngazi ni hizi: C ni 0, A, D na E ni 1, B na F ni 2. Kona zinazofungwa ni A→B→D na D→B→A, pamoja na D→F→E na E→F→D. Nne tu. A kwenda D itapita C badala ya B, D kwenda E itapita C badala ya F. Nimepitia jozi zote 15 za swichi: hakuna hata moja iliyorefuka.

Usijidanganye kwamba ni hivyo siku zote. Chukua pete tupu ya swichi sita, 0 hadi 5, mzizi ni 0. Kona inayofungwa iko kwenye 3. Kutoka 2 kwenda 4 ilikuwa miruko miwili kupitia 3. Sasa unazunguka 2, 1, 0, 5, 4, miruko minne. Kadiri pete zilivyo ndefu ndivyo kanuni hii inavyokugharimu, na ndivyo mzizi unavyobeba mizigo ya watu.

#9 fundi_kibokoni

Haya, mikono kazini. Kanuni hiyo ya juu-kisha-chini kwenye OpenSM inaitwa updn. Usitegemee OpenSM ikutafutie mzizi. Kitafutaji chake kinatazama jinsi noudi zilivyo mbali na kila swichi, na kinafaa mtandao wenye umbo la mti. Kwenye mchanganyiko kama huu mara nyingi hakipati mzizi wowote. Kisipopata, soma kinachofuata kwa makini: injini zote ulizoziorodhesha zikishindwa, OpenSM inarudi kwenye minhop, inaendelea na kazi, na wewe unadhani umetibu. Neno la kuzuia hilo ni no_fallback.

Pata GUID (namba ya kudumu ya kifaa) za swichi:

ibswitches

Andika GUID ya C peke yake kwenye faili, tuseme /etc/opensm/mizizi.txt, mstari mmoja. Kwenye /etc/opensm/opensm.conf:

routing_engine updn,no_fallback
root_guid_file /etc/opensm/mizizi.txt

Washa upya OpenSM, kisha soma logi yake yote, usitazame tu kama huduma imewaka. Halafu:

ibdiagnet -r

Hiyo inapitia majedwali ya njia na kukagua mizunguko ya krediti. Ikisema ipo, usiendeshe kazi nzito.

Kuna chaguo jingine linaitwa connect_roots. Liache. Linalazimisha swichi za mzizi zifikiane zikiwa zaidi ya moja, hata kwa kuvunja sharti la juu-kisha-chini. Wewe mzizi wako ni mmoja.

#10 mwana_tudor

Fundi, nilikuwa nimeshajaribu -R updn peke yake kabla sijaandika uzi huu, na sikuona tofauti. Sasa nimesoma logi ya siku ile: hakuna mzizi uliopatikana, ikarudi minhop. Kumbe.

Nimeweka faili na no_fallback. ibdiagnet haioni mzunguko. Kazi ya wote-kwa-wote imepita mpaka mwisho mara kadhaa, XmitDiscards sifuri. Ila C–D na C–E XmitWait iko juu kuliko linki nyingine zote.

#11 maalim_waya

Ndivyo ilivyo. Hiyo sasa ni foleni ya kawaida, inatembea.

#12 simba_kisauni

Mimi sikubaliani na kumpa mtu updn mwaka huu. Unafunga kona, unarundika kila kitu kwenye mzizi, ilhali swichi hizo zina njia pepe zimelala bure. Tumia LASH au DFSSSP, injini nyingine za OpenSM, uache njia zote fupi zilivyo.

Kwa asiyejua: linki moja ya InfiniBand inaweza kugawanywa kuwa njia pepe, VL kwa kifupi, kila moja na bafa yake na krediti zake. VL0 hadi VL14 ni za data, VL15 ni ya usimamizi. Badala ya kukataza njia, unazigawa kwa matabaka. Zile njia nne za maalim: tatu za kwanza weka VL0, ya nne weka VL1. VL0 haina tena mshale kutoka C→A kwenda A→B, duara halifungi. VL1 ina njia moja, haina cha kufunga. Hakuna aliyerefushiwa safari.

LASH ni ya Skeie, Lysne na Theiss, 2002. DFSSSP ni ya Domke, Hoefler na Nagel, 2011, na juu ya kuvunja duara inasawazisha mzigo kwenye linki. Angalizo: kwenye OpenSM kuna pia sssp bila df mbele. Hiyo inasawazisha tu, mkwamo haizuii.

#13 bi_nyali

Simba, hoja nakubali, ila hujamwambia gharama yake. Tabaka huchaguliwa kwa SL, kiwango cha huduma kilichoandikwa kwenye pakiti, na swichi inatafsiri SL kuwa VL kwa jedwali la SL2VL. Maana yake ni kwamba *anayetuma* ndiye anayeandika SL sahihi kwa kila anayemtumia. Programu isipomuuliza msimamizi wa mtandao (OpenSM), inaandika SL 0 kwa wote. Matabaka yote yanaporomoka kuwa moja, na moja hilo ni njia fupi zenye duara. Umerudi kwenye minhop ukiwa na jina zuri zaidi.

Kwa hiyo anayechagua LASH au DFSSSP:

OpenSM iwashwe na -Q, bila hivyo majedwali ya SL2VL hayatumiki.

Open MPI yenye openib iambiwe --mca btl_openib_ib_path_record_service_level 1 ili iulize SL ya kila njia. Programu inayotumia UCX (maktaba nyingine ya mawasiliano), usiweke UCX_IB_SL kwa mkono ukafikiri umefanya jambo la maana. SL moja kwa wote ndiyo shida yenyewe.

Kila mteja wa seva ya diski naye aulizwe swali hilo hilo. MPI ikiwa safi na mfumo wa mafaili ukituma kila kitu kwa SL 0, duara linaweza kufungwa na mafaili.

LMC (mpangilio wa kuipa poti moja LID zaidi ya moja) ikiwa zaidi ya 0, LASH ya OpenSM haifanyi kazi. Utapewa njia za kawaida.

Na hakikisha poti zina VL za kutosha:

smpquery portinfo LID POTI

Tazama VLCap na OperVLs. Swichi nyingi za enzi ya QDR zinaonyesha VL0-7. Kwenye opensm.conf, max_op_vls si idadi ya VL, ni msimbo: 1 ni VL0 peke yake, 2 ni VL0-1, 3 ni VL0-3, 4 ni VL0-7, 5 ni VL0-14. Watu huandika 2 wakidhani wameomba mbili (hapo wamebahatika), wengine wanaandika 4 wakidhani nne, wanapata nane. Bafa ya poti ni ile ile, na kila VL unayoongeza inaipunguzia nyingine. Kebo ikiwa ndefu, VL yenye bafa ndogo haiwezi kujaza linki peke yake.

#14 simba_kisauni

Sawa, la SL nakiri ni kweli, na wengi wanaanguka hapo. Lakini klasta ya mtu mmoja yenye MPI moja na mfumo wa mafaili mmoja inaweza kukaguliwa kwa alasiri moja. Si sababu ya kuogopa.

#15 bi_nyali

Si woga. updn haitegemei uadilifu wa programu: majedwali ya swichi yenyewe ndiyo salama, hata mtumiaji alete programu yake aliyoitoa anakojua. Kwa swichi 6 ambazo hakuna jozi iliyorefuka, sioni LASH itamletea nini. Angekuwa na 60 zenye pete ndefu, ningekuunga mkono.

#16 maalim_waya

Kuna njia ya kati. Nue, ya Domke, Hoefler na Matsuoka, 2016, inatafuta njia ndani ya ile grafu ya chaneli moja kwa moja badala ya kuzitafuta kwanza kisha kuzikagua. Kwa hiyo inafanya kazi kwa idadi yoyote ya VL uliyonayo, hata moja. LASH na DFSSSP zinaweza kuhitaji VL nyingi kuliko ulizonazo, na hapo zinashindwa. Kabla ya kuitaka, tazama man ya opensm uliyonayo kama nue imeorodheshwa.

Nadharia pana zaidi ni ya Duato, 1993: si lazima grafu yote ikose duara, mradi kila pakiti iliyokwama iwe na chaneli ya kutorokea isiyo na duara. Ni nzuri kwa swichi zinazochagua njia papo hapo. Kwako, ambapo jedwali linasema LID hii poti hii basi, haina kazi.

Na kwa wenye Myrinet, mtandao mwingine wa zamani wa klasta, makabatini (najua wapo): kule njia nzima inaandikwa kwenye kichwa cha pakiti na noudi inayotuma, na dawa moja iliyotafitiwa sana ni kuishusha pakiti kwenye noudi ya katikati pale inapotaka kupanda tena, kisha kuirusha upya. Mshale unakatika kwa sababu pakiti imetoka kabisa kwenye mtandao. Unalipa kwa kuchelewa na kwa kumbukumbu ya kadi.

#17 kijana_magongo

Na sisi wa RoCE, mawasiliano ya aina ya InfiniBand juu ya Ethernet? Swichi za Ethernet zenye PFC, hatuna VL wala OpenSM.

#18 bi_nyali

PFC inasimamisha mtumaji kwa kila daraja la kipaumbele, kwa hiyo umeiondolea Ethernet ile tabia ya kutupa iliyokuwa inakuokoa. Mkwamo ni ule ule. Mtandao wa majani na migongo (leaf-spine) una juu-kisha-chini ya asili, lakini linki ikikatika na njia mbadala ikawa inashuka, inapanda, inashuka tena, duara linaweza kujitokeza. Microsoft walieleza mwaka 2016 kisa cha ajabu zaidi: rekodi za MAC kwenye swichi (MAC ipi iko poti gani) ziliisha muda kwa dakika 5 ilhali za ARP (IP ipi ina MAC gani) zilidumu saa 4. Noudi ikifa, swichi bado inajua MAC yake lakini haijui iko poti gani, inatawanya pakiti poti zote, na mtawanyiko huo haufuati juu-kisha-chini. Dawa yao: pakiti ya daraja lisilotupwa yenye rekodi pungufu itupwe. Washa pia mlinzi wa PFC kama swichi yako inaye. Ufungulie uzi wako, hapa tutamchanganya mwenye swali.

#19 fundi_kibokoni

Turudi kwa mwana_tudor. Umepona leo, lakini kuna mambo yatakayokurudisha ulikotoka stima ikikatika.

Kama una OpenSM ya akiba kwenye seva nyingine, mipangilio yake iwe nakala ya ile kuu, pamoja na mizizi.txt. Stima ikirudi, seva ya akiba inaweza kuwaka kwanza ikawa bwana, ikapanga minhop kwa sababu hakuna aliyeigusa. Amri ya sminfo itakuonyesha nani anatawala sasa na kipaumbele chake, 0 hadi 15.

Mtandao unapobadilika, majedwali hayabadiliki kwa mpigo. OpenSM inaandika jedwali la kila swichi kwa vipande vya LID 64. Katikati ya kazi hiyo B ina njia mpya na D ina za zamani. Za zamani zilikuwa salama, mpya ni salama, mchanganyiko wake unaweza kuwa na duara. Ndiyo sababu usiguse ile head_of_queue_lifetime ya bi_nyali. Kuna ushauri unaozunguka wa kuiweka 20 au zaidi ili "pakiti zisipotee". Kuanzia 20 maana yake ni milele, na duara la sekunde moja la mpito linakuwa la kudumu mpaka uzime swichi.

Chumvi. Kama chumba kiko karibu na maji na hewa haikaushwi, viunganishi vya QSFP vinapata kutu, na linki ya 4X (njia nne za waya) inashuka kuwa 1X (njia moja) bila kufa. QDR ya 4X inabeba data Gb/s 32, ya 1X ni 8. minhop na updn zinahesabu miruko, upana hazitazami, kwa hiyo zitaendelea kuipa mzigo kama nzima. Pitisha iblinkinfo kila wiki, na chochote kisichosema 4X kwenye linki za swichi kichomoe, kisafishwe kwa pombe ya isopropili, kirudishwe.

#20 simba_kisauni

Nyongeza kwa anayetaka kukagua mwenyewe badala ya kuiamini ibdiagnet. Toa linki kwa ibnetdiscover, toa majedwali kwa dump_lfts.sh, au dump_fts kwenye matoleo mapya. Kwa kila noudi inayopokea, pita kila swichi: chaneli inayoingia, kisha chaneli ambayo jedwali linaitoa kwa LID hiyo. Kila jozi kama hiyo ni mshale, mradi iwe kwenye njia ambayo noudi fulani inaitumia kweli. Linki zako 7 ni chaneli 14. Kisha ondoa chaneli isiyo na mshale unaoingia au isiyo na mshale unaotoka, pamoja na mishale yake, rudia. Zikibaki chaneli ambazo haziondoleki, duara liko humo, na majina yake unayo mkononi. Ukitumia matabaka, nukta ni chaneli pamoja na VL yake, basi. Linki za noudi ziache: noudi haipitishi pakiti za wengine, haiwezi kuwa ndani ya duara.

#21 mwana_tudor

Nimefanya hivyo kwa majedwali ya zamani na mapya. Ya zamani zimebaki chaneli 4, A→B, B→D, D→C, C→A. Mapya zimeondoka zote 14. Mipangilio ya seva ya akiba nimenakili. Swali la mwisho: nina kebo moja ya QDR ya ziada. Nafikiria B–E kwa sababu ndiyo jozi iliyo mbali na diski. Au A–F?

#22 maalim_waya

Zote mbili zinakuvutia kwa macho. Mzizi ukiwa C, B–E inafupisha B kwenda E kutoka miruko 3 hadi 1, lakini A haiwezi kufika E kupitia B, wala D, kwa sababu wangekuwa wanashuka B kisha kupanda E. A–F nayo inafupisha jozi yake peke yake kati ya zile za mbali, na D na E wakijaribu kupanda A kupitia F watakutana na kona iliyofungwa.

Weka sambamba na C–E. Hapo pana njia za E kwenda A, B, C na D zote, na diski iko E. Kebo sambamba ina juu na chini ile ile ya mwenzake, haileti kona mpya ya kufunga.

#23 fundi_kibokoni

Naafiki C–E, ila ujue itakavyogawanya. Jedwali ni kwa LID: kutoka C, seva ya diski yenye LID moja itapewa kebo moja kati ya hizo mbili, siku zote ile ile. Kuandika kwenye diski kutapita kebo moja. Kusoma kutagawanyika, kwa sababu huko wanaopokea ni noudi nyingi. OpenSM inasawazisha idadi ya LID kwa kila poti, haijui ipi ndiyo yenye uzito, kwa hiyo kama nusu ya noudi za E zitakaa kebo moja na diski. Seva yenyewe ina poti ya 4X, kebo moja inaitosha. Usipandishe LMC kwa ajili yake. Ukishaichomeka, pitisha ibdiagnet -r tena, na usome XmitWait ya C–D, maana foleni itahamia huko.

#24 mwana_tudor

Imechomekwa C–E. iblinkinfo inasema 4X, mzunguko hakuna. XmitWait ya C–E imeshuka, ya C–D iko pale pale. Natafuta kebo nyingine ya mita 3, mwenye nayo aniandikie pembeni.